Anayekaa Pembeni Naye Yuko Ngomani



Siku ya kwanza tulipokusanyika kucheza, mama mmoja aliinuka mara tu ngoma kubwa ilipoanza kulia. Alifunga kikwembe chake, akashika mtoto mkono, akaenda. Wengine wetu walisema ana kazi nyumbani, wengine wakasema ana kiburi. Baadaye alimweleza mwenzetu mmoja: kishindo cha ile ngoma kilimrudisha kwenye usiku wa risasi. Moyo ulimwenda mbio, mikono ikawa baridi, akaona heri awe njiani kuliko kubaki katikati ya watu. Ametukubalia tuandike habari hii, ila jina lake libaki kwake.

Tunaiandika kwa sababu kosa lilikuwa letu. Tulitangaza kwamba kucheza kunaponya, lakini hatukujiuliza kunaponya namna gani, wala nani anaweza kuumia.

Kwamba kucheza kunasaidia si maneno matupu. Kule Bukavu kuna Cité de la Joie, nyumba iliyofunguliwa mwezi wa pili mwaka 2011 kwa ajili ya wanawake waliotendewa ukatili wa kingono. Waanzilishi wake ni mwandishi Eve Ensler wa Marekani, Mama Christine Schuler Deschryver na Daktari Denis Mukwege. Wanawake 90 wanaingia pamoja na kukaa miezi 6. Wanajifunza haki zao, kilimo na namna ya kujilinda, wanasimulia yaliyowapata kwa muda wao wenyewe, na wanacheza. Kucheza ni sehemu ya matunzo yao. Kutokana na wanawake hao wa Kivu, Ensler alipata wazo la kampeni ya One Billion Rising. Tarehe 14 Februari 2013, wanawake wa nchi nyingi walitoka barabarani na kucheza ili kukataa ukatili.

Daktari Mukwege si mgeni kwetu. Alikuwa daktari mkuu wa hospitali ya Lemera, huko juu ambako barabara yetu ya Bwegera inapanda. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tunakumbusha hayo ili tujue jambo moja: hapa bondeni Ruzizi, kila wanawake wanapokaa pamoja, huenda yuko kati yao mmoja anayebeba kitu ambacho hajakisema. Haonekani kwa macho.

Hofu haikai kichwani tu, inakaa mwilini. Hatari ikiisha, mwili unaweza kuendelea kulinda zamu: usingizi ni mfupi, mabega ni magumu, mlango ukigongwa mtu anashtuka. Kuimba kunarefusha pumzi. Kukanyaga chini kwa mpigo mmoja na wenzako kunaufundisha mwili polepole kwamba leo ni leo. Tena kunaondoa upweke, ambao nao ni mzigo. Lakini mwili huo huo unaweza kuamshwa vibaya na sauti, na giza, au na mkono wa mtu anayekuvuta.

Kwa hiyo tumebadili utaratibu wetu:

Tunaanza na wimbo na makofi, polepole. Ngoma kubwa inakuja baadaye, na kabla ya kupigwa tunasema, "Sasa ngoma inalia."

Lango la lupango linabaki wazi. Anayetaka kutoka anatoka, na hakuna anayemfuata kwa maswali.

Hakuna kumvuta mtu mkono ili acheze, hata kwa mzaha.

Hatuulizi mtu yaliyompata. Akitaka kusema, atachagua wa kumwambia.

Hakuna kupiga picha kwa simu pasipo ruhusa.

Saa ya kwanza ni ya akina mama peke yao. Nusu saa ya mwisho ni ya watoto na akina baba pia.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembeze mwili angalau dakika 150 kwa juma. Mama anayelima mpunga na kubeba bidoni za maji anaweza kucheka: hizo anazimaliza kabla ya Jumatano! Ni kweli. Lakini jembe halina wimbo wa kupumzisha, na bidoni haikuulizi habari za usiku. Tunacheza ili mwili ufanye kitu kisicho kazi, pamoja na wengine.

Mwenye mimba, mwenye presha, aliyejifungua au aliyepasuliwa karibuni, aulize kwanza muuguzi wa kituo cha afya. Mama anayevuja mkojo tangu alipojifungua asijifiche nyumbani: huenda ni fistula, nayo mara nyingi inatibika, na Panzi ni moja ya hospitali zinazojulikana kwa kazi hiyo. Ngoma haichukui nafasi ya dawa. Ukiona mwenzako halali kwa majuma mengi, au anasema afadhali afe, msindikize kituoni siku hiyo hiyo.

Kuna akina baba wanaosema tunapoteza muda, na waumini wanaosema ni mambo ya dunia. Tunawajibu kwa heshima. Korali nazo zinayumba zikiimba. Mama wa mapacha anachezewa, bibi arusi anachezewa. Hata rumba yetu ya Kongo iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 kati ya urithi wa wanadamu. Njooni nusu saa ile ya mwisho muone watoto wanavyoangalia mama zao wakicheka. Kisha mtuambie kama muda umepotea.

Yule mama alirudi juma la nne. Alikaa kwenye mkeka karibu na lango, mtoto mapajani, akapiga makofi. Juma lililofuata alirudi tena. Hajacheza bado, na mtu akiuliza atacheza lini, tunamwomba aache swali hilo.

Tunakutana kila Alhamisi, saa tisa za mchana. Leta kikwembe cha kufunga kiunoni na maji ya kunywa. Hakuna franga inayoombwa. Anayetaka kukaa pembeni, mkeka uko tayari.