Tableti zilitoka mu kabati

Siku tulienda ku masomo yale, hatukuenda kusifu mtu. Tulikuwa wajumbe watatu wa sendika, tumetoka ku kazi ya usiku, macho mekundu, na swali moja tu: tableti ziko wapi? Kampuni ilikuwa imezitoa mbele ya kamera, tableti 6 ndani ya makartoni mazuri, wakubwa wakapigwa picha pamoja na watoto, halafu kimya. Mu kartie, wazazi walisema zimeuzwa. Wengine walisema ziko ku nyumba ya direkteri, watoto wake wanacheza nazo.

Direkteri alifungua kabati. Zilikuwa mle zote 6, hata plastiki haijatolewa. Miezi 8.

“Wababa,” alituambia, “walituletea vyombo, hawakutuletea mtu wa kutufundisha. Moja ikipasuka, nani atalipa?”

Akatuonyesha barua aliyoweka saini siku ile ya sherehe. Iliandikwa kwamba hasara yoyote itakuwa juu ya masomo. Sisi watu wa sendika tunajua barua za namna hiyo. Unapewa kofia ya kazi pamoja na karatasi, na karatasi ndiyo nzito.

Mtu aliyekubali kuchukua moja ni mwalimu wa darasa la sita, mama mmoja ambaye nywele zimeanza kuwa nyeupe. Ana watoto 71 mu kalasi. Tangu masomo ya primeri yafanywe bure mwaka wa 2019, watoto waliongezeka, mabanki hayakuongezeka. Telefone yake alikuwa anaijua kwa kuita watu na kwa mafranka, basi. Alituambia bila haya: “Miye nilikuwa naogopa ile kintu. Watoto wataona kama Mwalimu hajui.”

Aliyemfundisha ni mjukuu wake wa miaka 14, usiku, juu ya meza ya kulia. “Kambo, usifinye kwa nguvu, iguse tu.” Wiki mbili nzima walikuwa wanaigusa.

Kitu cha kwanza alichofahamu ni hiki, na wazazi wengi hawakijui: intaneti si lazima kila siku. Mega ni bei kali, hakuna mwalimu anaweza kuzilipa kutoka mfuko wake. Lakini kuna programu inaitwa Kiwix. Unaenda mara moja mahali intaneti iko, unachukua Wikipedia, au Vikidia, ile ya watoto, kwa Kifaransa. Unaiweka ndani ya kadi ya memori, na tangu pale unaisoma hata mu pori. Kijana mmoja wa atelie yetu ya umeme alimfanyia kazi hiyo siku ya yenga.

Somo la kwanza liliharibika. Alitaka kuonyesha picha ya moyo wa mtu, akatembea na tableti mkononi, banki kwa banki. Alipofika banki ya tatu, ya kwanza walikuwa wanapigana, na wa nyuma walikuwa wamepanda juu ya meza. Saa ikaisha, moyo hawakuuona. Alirudi ku nyumba na kulia, ni yeye mwenyewe aliyetuambia.

Halafu akageuza mambo. Usiku anasoma ku tableti kwa ajili yake mwenyewe, anachora kila kitu ku ubao asubuhi, na chaki yake ileile. Tableti zote 6 zinatoka mara moja tu kwa juma. Watoto 12 kwa kila moja, na kundi moja la 11. Kila kundi lina kapita wake, msomaji, na mwandishi, na wengine wanauliza. Tulicheka kuona vile, sababu ni ekipe yetu ya chini kabisa: kila mtu na kazi yake, hakuna wa kushika kila kitu. Kifaransa cha ndani kinawashinda watoto wengi, basi yeye anakieleza kwa Kiswahili.

Kubaki kuranti. Laini ya Inga inatembea karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi, inapita juu ya vichwa vyetu, inalisha mine, na kartie inangoja. Tulichanga ku shifti zetu mbili, tukanunua pano ndogo ya jua. Wenzetu wengine walikataa kuchanga. Walisema paa la masomo linavuja, mnanunua nini? Hatukuwa na jibu zuri, na paa lingali linavuja.

Mwezi uliofuata tulialikwa kuona somo. Kila kundi lilileta mawe: malakiti ya kijani, na lile jiwe jeusi, heterojeniti, ambalo baba zao wanalijua kuliko injinia. Msomaji mmoja akasoma: kobalti, namba 27. Akasoma pia kwamba jina lilitoka kwa wachimbaji wa zamani wa Ujerumani. Waliyeyusha mawe wakitafuta feza, hawakuipata, wakapata moshi wa sumu, basi wakasema ni mashetani ya shimo, kobold. Kalasi nzima ilicheka. Sisi watu wa shimo tulicheka kidogo tu.

Mwalimu akainua batri ya telefone iliyokufa, imevimba. Akasema: hii isipasuliwe, isitupwe mu moto, inalipuka na moshi wake ni mubaya. Mu kartie yetu watoto wanazigonga na mawe kila siku, wazazi mnaona. Ndani yake, akasema, muko kobalti.

Mtoto mmoja wa nyuma akasimama. “Mwalimu, kama kobalti iko mu tableti, na baba yangu njo anaichimba, juu ya nini tuko batu 12 kwa tableti moja?”

Mwalimu hakujibu. Alitutazama sisi.

Mmoja wetu akajaribu. Alieleza kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu Kongo, lakini inatoka ikiwa unga, inasafishwa mbali, sana sana ku Uchina, batri zinatengenezwa kule, na tunarudishiwa na bei juu. Mtoto alisikiliza vizuri. Akauliza: “Na sendika inasema nini?”

Tulipeleka mambo matatu mu mazungumzo na kampuni: barua ile ya hasara ibadilishwe, walimu wapewe siku za kujifunza zenye kulipwa, na pano kubwa iwekwe. Kuhusu pano walisema watajifunza. Siku za walimu, walisema ni kazi ya Serikali. Kuhusu barua hawakusema kitu.

Mwalimu anaendelea. Jioni anafunga tableti moja ndani ya kitenge, anaenda nayo kwa miguu, asubuhi anairudisha. Kila mara anaweka saini mu kaye ya direkteri, yeye peke yake.