Mizani Kwanza, Pedali Baadaye

Sehemu nyingi za Afrika Mashariki zina historia ya baiskeli, lakini mpaka wa Uganda na Kenya una historia ya pekee. Boda boda ilianzia Busia katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walipoanza kuwapakia wasafiri na mizigo kwenye keria na kuwavusha kati ya vituo viwili vya forodha. Leo pikipiki imetawala barabara kuu, ila ukiingia ndani kuelekea Masafu au vijiji vya Tororo, bado baiskeli ndiyo inayobeba madumu ya maji, magunia ya mihogo, mkaa na mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ajabu ni kwamba katika eneo linaloitegemea baiskeli kiasi hiki, mtoto hafundishwi kuiendesha. Anasubiri baba apumzike mchana, anaikokota baiskeli hadi uwanjani, anapitisha mguu chini ya bomba la juu la fremu kwa sababu hafikii kiti, kisha anaanguka mpaka siku moja asianguke. Wengi hujifunza hivyo, lakini njia hiyo haifai kuitwa malezi. Mtoto anaweza kufundishwa kwa muda mfupi na kwa majeraha machache, mradi tuufuate utaratibu ulio kinyume cha mazoea yetu: aimudu mizani kwanza, pedali zifuate baadaye.

Ili kuona kwa nini, tutazame baiskeli inavyosimama. Wengi tunadhani mwendeshaji hodari ni yule aliyetulia tuli, kumbe kila nukta anairekebisha bila kujua. Baiskeli ikilalia kushoto, usukani hugeuzwa kidogo kushoto, magurudumu yakarudi chini ya uzito, na baiskeli ikainuka. Ikilalia kulia, ni vivyo hivyo upande wa pili. Mwaka 2011 wahandisi wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walieleza katika jarida la Science jinsi walivyotengeneza baiskeli iliyoondolewa mambo mawili ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa siri ya usawa wake: nguvu ya magurudumu yanayozunguka, na namna gurudumu la mbele linavyogusa ardhi nyuma kidogo ya mhimili wa usukani. Baiskeli hiyo iliposukumwa bila mtu juu yake, iliendelea kusimama, maana bado iliweza kujigeuza kuelekea upande inakoangukia. Basi ujuzi wenyewe ndio huo, kugeukia upande unakoangukia, tena kwa mwendo wa kutosha. Methali zetu husifu mwendo wa pole, lakini baiskeli inayokwenda polepole mno ndiyo ngumu kuliko zote kuimudu.

Kukanyaga pedali ni jambo jingine kabisa, na ni jepesi. Historia inalithibitisha. Mjerumani Karl von Drais alipotoa chombo chake cha magurudumu mawili mwaka 1817, hakikuwa na pedali; mtu alikaa juu akajisukuma kwa miguu ardhini. Pedali zilikuja Ufaransa katika miaka ya 1860, watu wakiwa wamekwisha kuona kwamba magurudumu mawili yaliyofuatana yanaweza kuendeshwa. Hatuhitaji hata kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Goma, mashariki ya Kongo, vijana huteremka vilima na chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kikiwa kimebeba mamia ya kilo za viazi, makaa au saruji. Chukudu haina pedali wala cheni. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao, akasukuma kwa mguu wa pili, kisha akaachia mteremko ufanye kazi. Anachokimudu ni mizani na usukani tu, na vinamtosha.

Ndiyo maana magurudumu madogo ya pembeni, yanayofungwa kwenye baiskeli za watoto zinazouzwa mijini, husaidia kidogo kuliko wazazi wanavyotarajia. Yanamzuia mtoto asianguke, lakini pia yanaizuia baiskeli isilale, na mtoto asiyeihisi ikilala hana cha kurekebisha. Anapata mazoea ya kukanyaga na kukata kona kama aliye juu ya kigari cha matairi matatu. Siku magurudumu hayo yakifunguliwa, anaanza karibu upya, safari hii akiwa na hofu. Watafiti wa Ureno waliwalinganisha watoto waliofundishwa kwa baiskeli zenye magurudumu ya pembeni na wenzao waliopewa baiskeli zisizo na pedali, wakakuta wale wasio na pedali ndio waliowahi kuendesha baiskeli ya kawaida peke yao.

Hapo mzazi wa Masafu atauliza kwa haki: baiskeli hiyo isiyo na pedali nitaitoa wapi? Hana haja ya kununua mpya. Baiskeli ndogo za mitumba huuzwa mijini, na fundi baiskeli yeyote ana spana ya kufungua pedali. La kukumbuka ni kwamba nyuzi za pedali ya kushoto zimekatwa kinyume: ya kulia hufunguliwa kama nati nyingine yoyote, ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha upande ambao kwa kawaida tunakazia. Asiyelijua hilo huharibu nyuzi za mkono wa pedali, akaingia gharama bure. Pedali zikitoka, kiti kishushwe mpaka nyayo zote mbili za mtoto zikanyage ardhi huku amekaa. Kisha aachwe atembee na baiskeli, akimbie nayo, halafu ainue miguu na kuserereka kwenye mteremko mdogo wenye nyasi. Akiweza kuserereka umbali mrefu na kukata kona bila kugusa chini, pedali zirudishwe. Kwa kawaida kazi kubwa inakuwa imekwisha.

Na kama nyumbani kuna baiskeli moja tu, ile kubwa nyeusi ya mzee, bado ipo njia. Mtoto wa miaka minane au tisa asimame kushoto mwa baiskeli, aweke mguu wa kushoto juu ya pedali ya kushoto ikiwa chini, ashike usukani, asukume ardhi kwa mguu wa kulia kama afanyavyo mwenye chukudu. Kila anapoinua mguu wa kulia anapata kitambo cha kuisikia mizani, na akiona hatari anashuka mara moja, kwa kuwa hakuna bomba katikati ya miguu yake. Kwa mtoto wa miaka sita baiskeli hiyo haifai kabisa. Uzito wake ni kama kilo 20, karibu sawa na wa mtoto mwenyewe, na breki zake za vyuma zinahitaji kiganja kipana chenye nguvu. Mtoto asiyeweza kuikamata breki hajawa tayari kupewa mwendo.

Mkono wa mtu mzima nao una kanuni yake. Wengi hushika usukani, na hapo ndipo wanapoharibu, kwa sababu wanamnyang'anya mtoto kiungo kile kile anachojifunza kukitumia. Mshike mtoto mwenyewe, mabegani au chini ya kwapa, umkimbilie kwa nyuma, uache baiskeli icheze chini yake. Mwambie atazame mbele anakokwenda, wala si gurudumu la mbele. Kabla ya hayo yote mfundishe kusimama: akamate breki, ashushe mguu, ashuke. Hofu kubwa ya mtoto ni kutojua atakavyosimama.

Wapo watakaosema kwamba sisi sote tulijifunza kwa kuanguka, na kuanguka kunamkomaza mtoto. Ni kweli kwamba hakuna atakayejifunza bila kuguswa na vumbi, na mzazi anayezuia kila mkwaruzo atamchelewesha mwanawe. Lakini mkwaruzo wa goti kwenye nyasi si sawa na mkono uliovunjika chini ya chuma cha kilo 20. Wengine watasema barabara zetu ni za hatari, heri mtoto asijue. Hatari ipo. Busia na Malaba ndiyo milango mikuu ya malori yaendayo Kampala na mbali zaidi, na mtoto hana shughuli kwenye barabara hiyo. Hata hivyo, kutomfundisha hakumwondoi barabarani. Atachukua baiskeli siku atakapotumwa dukani, tena bila kujua kukaa kushoto, kutazama nyuma kabla ya kukata kona, au kushuka na kuikokota penye msongamano. Afundishwe kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, na kofia ngumu ivaliwe kila inapopatikana.

Pingamizi zito zaidi linawahusu wasichana. Familia nyingi bado huona kwamba binti kupanda baiskeli ni utovu wa adabu, au kwamba kutamharibu. La kumharibu halina msingi wowote wa kitabibu, na la adabu linatatuliwa na kaptura chini ya gauni, au baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu. Anachopoteza binti ni kikubwa. Zambia, wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli za kwendea shule walilinganishwa na wenzao waliokosa, na ikaonekana kwamba utoro ulipungua kwa asilimia 28 na muda wa safari ukapungua kwa karibu theluthi moja. Msichana anayetembea kilomita kadhaa kila asubuhi hadi sekondari anahitaji ujuzi huu kuliko kaka yake anayeachiwa baiskeli bila kuulizwa.

Kwa hiyo wazazi, na walimu wa shule za msingi pia, wautenge muda wa kazi hii kama wanavyoutenga wa kumfundisha mtoto kusoma saa au kuvuka barabara. Inahitaji spana, uwanja wenye nyasi, jioni chache na mtu mzima aliye tayari kukimbia nyuma ya mtoto. Eneo lililoipa Afrika Mashariki boda boda lina mafundi, lina baiskeli na lina waendeshaji hodari wa kutosha kuifanya kazi hiyo ipasavyo, kwa wavulana na wasichana sawasawa.