Bakuli Lililopachikwa Kaburini

Mkazi wa Kabeza, hapa Kigali, akinunua beseni la Kichina lenye samaki wawili wekundu, anachukua pia fumbo asilolihitaji. Kichina humwita samaki yu, na neno hilo hutamkwa sawa na neno linalomaanisha ziada. Popo ni fu, sawa na heri. Basi anayemchora popo kwenye sahani anamwombea mwenye sahani heri. Fumbo la matamshi haliwezi kuvuka bahari bila lugha yake. Kwa sababu hiyo naona ni makosa kuzisoma kauri za kale za Uchina zilizoko pwani ya Waswahili kwa maana za Kichina peke yake. Waliozipokea walizipa maana yao, na tunaijua kwa kutazama walikoziweka.

Waliziweka makaburini. Kunduchi karibu na Dar es Salaam, Kaole karibu na Bagamoyo, na Mambrui kaskazini mwa Malindi, mabakuli na sahani vilipachikwa kwenye nguzo na kuta za makaburi chokaa ikiwa bado mbichi, tumbo la bakuli likitazama nje. Mengi yameshang'olewa, limebaki shimo la duara, na ndani yake alama ya kitako cha bakuli, kama muhuri. Atasema mtu kwamba hiyo ni fahari ya matajiri tu. Fahari ilikuwepo, sikatai, maana chombo kilichosafiri kutoka Jingdezhen, Uchina, hakikuwa cha kila mtu. Lakini tazama nyumba za mawe za Lamu. Mgeni wa kawaida aliishia dakani, kwenye mabaraza ya mlangoni. Zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa safu kwa safu katika chokaa, vilipamba vyumba vya ndani, na ndani kabisa ndiko wanawake walikojifungulia na maiti walikooshewa. Mtafiti Linda Donley-Reid alieleza kwamba kauri za humo zilihesabiwa kuwa kinga ya jicho la hasidi. Kinga iliwekwa pale uhai unapoingia na unapotoka, na kaburini vilevile. Mwenye kutaka sifa tu angeiweka barazani.

Wapo wanaouliza kama Wachina wenyewe hawakuwafundisha watu wa pwani maana za michoro, kwa kuwa merikebu za Zheng He, amiri wa Kichina, zilifika huku katika karne ya 15. Safari hizohizo zinatupa jibu, kwa upande wa pili. Mwaka 1415 Malindi ilimpeleka twiga kwa mfalme wa Uchina wa ukoo wa Ming. Watu wa baraza la mfalme walimwona ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayejitokeza nchi ikitawaliwa kwa haki. Huko Malindi alikotoka, jina lake lilikuwa twiga.