Uvimbe wa Tishu Laini: Tufahamu Visababishi Vyake, Tusichelewe Kutafuta Tiba

Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa maelezo yote mawili, kisha akamponya yule mtu. Swali la namna hiyo bado linasikika katika jumuiya zetu, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, pale mwenzetu anapopata uvimbe mguuni au mabaka meusi mwilini. Wapo wanaosema amerogwa, wapo wanaosema amelaaniwa na wazee, na wapo wanaonong'ona kuhusu mwenendo wake. Wakati maneno hayo yakizunguka, ugonjwa unaendelea kukua. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema tueleze visababishi na vihatarishi vya uvimbe wa tishu laini kama sayansi ya tiba inavyovifahamu.

Tishu laini ni nini?

Tishu laini ni sehemu za mwili zinazounganisha, kushikilia na kuzunguka viungo vingine: misuli, mafuta, kano, neva, mishipa ya damu na mishipa ya limfu. Uvimbe hutokea pale chembe hai za sehemu hizo zinapoanza kugawanyika bila utaratibu. Uvimbe mwingi wa aina hii si saratani. Ule wa mafuta, kwa mfano, ambao huwa laini na husogea chini ya ngozi unapoguswa, waweza kukaa miaka mingi bila kuleta madhara. Uvimbe ambao ni saratani huitwa sarkoma. Huo hupenya katika sehemu jirani, na waweza kusambaa hadi kwenye mapafu na viungo vingine.

Visababishi na vihatarishi

Tuseme wazi kwamba kwa wagonjwa wengi wa sarkoma, madaktari hawawezi kutaja sababu moja iliyoleta ugonjwa. Hata hivyo, yapo mambo yanayojulikana kuongeza hatari.

La kwanza ni urithi. Familia chache hurithishana kasoro katika vinasaba, na kasoro hizo huongeza uwezekano wa kupata uvimbe wa neva au saratani za aina mbalimbali. Hii ni hali ya mwili kama zilivyo nyingine, na haina uhusiano wowote na laana ya ukoo.

La pili ni mionzi. Mtu aliyewahi kutibiwa saratani nyingine kwa mionzi aweza, ingawa kwa nadra, kupata sarkoma mahali palepale baada ya miaka kadhaa. Faida ya tiba hiyo ni kubwa kuliko hatari yake. Mgonjwa asiikatae kwa hofu.

La tatu ni uvimbe wa muda mrefu wa mkono au mguu unaotokana na kuziba au kuharibika kwa mishipa ya limfu, kama inavyotokea kwa baadhi ya wanawake baada ya kutibiwa saratani ya matiti.

La nne ni kemikali. Baadhi ya tafiti zimehusisha aina fulani za viuagugu na sarkoma, ingawa ushahidi wake haujawa thabiti. Kwetu sisi tunaolima viazi, mahindi na chai, busara inatuelekeza kuvaa glavu, barakoa na buti tunapopulizia dawa, na kutotumia vyombo vya dawa kubebea maji ya kunywa.

Wengi huamini kwamba kuanguka au kupigwa ndiko kulikoleta uvimbe. Jeraha halijathibitishwa kuwa chanzo cha sarkoma. Mara nyingi maumivu ya jeraha humfanya mtu apaguse mahali hapo, na ndipo anapogundua uvimbe uliokuwapo tangu awali.

Saratani ya Kaposi na mkoa wetu

Kihatarishi kinachotugusa zaidi ni maambukizi ya virusi. Saratani ya Kaposi, iliyopewa jina la daktari Moritz Kaposi aliyeieleza mwaka 1872, huanzia katika chembe za kuta za mishipa ya damu na limfu. Mwaka 1994 watafiti waligundua kirusi kinachohusika nayo, ambacho ni cha jamii ya virusi vya malengelenge. Kirusi hicho huenea hasa kwa njia ya mate, na katika Afrika watu wengi hukipata wakiwa watoto. Wengi wao hawaugui kamwe, kwa kuwa kinga ya mwili hukidhibiti. Kinga ikidhoofika, kirusi hupata nafasi.

VVU ndivyo vinavyodhoofisha kinga hiyo zaidi katika mazingira yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, mkoani Njombe kilikuwa asilimia 12.7, cha juu kuliko mikoa yote. Kwa hiyo, kihatarishi hiki kimo ndani ya familia zetu na ndani ya parokia zetu.

Hata hivyo, tusiharakishe kumhukumu mtu. Saratani ya Kaposi ilikuwapo Afrika Mashariki miaka mingi kabla ya UKIMWI, na hadi leo huwapata wazee na watoto wasio na VVU. Mabaka ya ngozi si cheti cha kupima mwenendo wa mtu.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Tumwone daktari endapo uvimbe unazidi kukua, umefikia ukubwa wa yai la kuku, umekaa ndani sana, unauma, au umerudi baada ya kuondolewa. Saratani ya Kaposi huonekana kama mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau, kahawia au nyeusi, mara nyingi miguuni au ndani ya kinywa, na mguu huweza kuvimba. Ikifika kwenye mapafu, huleta kikohozi na shida ya kupumua. Ili kuthibitisha, daktari huchukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya kupimwa maabara. Hofu kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa imewachelewesha wengi. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha tiba inayofaa.

Tufanye nini?

Tupime VVU, na anayekutwa navyo aanze ARV mapema na kuzitumia kila siku. Dawa hizo hutolewa bure, hurejesha kinga na hupunguza sana hatari ya saratani ya Kaposi. Kwa wagonjwa wengi ambao saratani hiyo haijaenea, ARV zenyewe huweza kuirudisha nyuma. Ikiwa imeenea, huongezwa dawa za saratani. Anayeacha dawa kwa sababu ameahidiwa uponyaji wa miujiza anahatarisha uhai wake. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutodharau dawa, na papo hapo kumwomba Mungu. Mambo hayo mawili huenda pamoja.

Safari ya matibabu ianzie katika kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mgonjwa aweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, Hospitali ya Consolata Ikonda wilayani Makete, au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Safari hiyo ni ndefu na ina gharama, na wapo wanaokata tamaa kwa kukosa nauli au mtu wa kuwasindikiza. Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo inapoweza kusaidia: kuchanga nauli, kuangalia watoto na shamba la mgonjwa, na kumkumbusha tarehe ya kliniki. Tukimtembelea mgonjwa, tusimwulize amekosa nini. Tumwulize amepimwa lini, na atahitaji nini ili aweze kurudi hospitali.