VIKAPU VYA SIKUKUU: VITATU VIKIDODA, FAIDA KWISHA

Mfanyabiashara wa Tura, kituo cha Reli ya Kati mashariki ya Tabora, anayetaka kuuza vikapu vya zawadi za Krismasi na Mwaka Mpya, aanze na hesabu. Tuseme kikapu kinamgharimu Sh. 17,000 na anakiuza Sh. 20,000. Akifunga 20 na vitatu vikadoda, mauzo ni Sh. 340,000, sawasawa na gharama. Faida hakuna.

Kinga ni mbili. Kwanza, afunge kwa oda iliyolipiwa kianzio. Pili, apunguze keki na matunda, aongeze asali ya Tabora. Asali iliyoiva na kufunikwa vizuri haiozi; ikiganda haijaharibika. Itakayobaki Januari huuzwa rejareja, mtaji ukarudi.