Twala Auawe na Nani? Kitabu na Filamu Vyavutana

Likizo ya Agosti huwakuta watoto wa Mau Narok katikati ya baridi kali. Mji huu ulio juu ya Njoro umepita mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na ukungu ukishatanda kwenye mashamba ya viazi na ngano, mtoto hana pa kwenda ila jikoni kuota moto, au kwenye kibanda cha video kutazama movi za kigeni zinazosimuliwa kwa mbwembwe za DJ Afro.

Hapo ndipo mzazi hujiuliza: nimwachie filamu, au nimshikishe kitabu? Mimi nasema apewe vyote viwili, mradi kitabu kitangulie. Mfano wangu ni hadithi waliyoisoma babu na nyanya zetu shuleni, Mashimo ya Mfalme Sulemani.

H. Rider Haggard, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Natal na Transvaal, aliichapisha mwaka wa 1885. Husimuliwa kwamba aliwekeana dau na ndugu yake kuwa anaweza kuandika hadithi inayokaribia Treasure Island ya Robert Louis Stevenson. Mwaka wa 1929 Frederick Johnson akaitoa kwa Kiswahili, ikasomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Filamu zake ni kadhaa, lakini inayotuhusu zaidi ni ile ya kampuni ya MGM iliyotoka mwaka wa 1950, nyota wake wakiwa Stewart Granger na Deborah Kerr. Ilipigwa huku kwetu: Kenya, Tanganyika, Uganda, Rwanda na Kongo. Khiva, mmoja wa watumishi wa msafara, aliigizwa na Kimursi, anayetajwa kwenye orodha ya waigizaji kuwa Mkipsigis, yaani jirani wa ng’ambo ya msitu wa Mau. Umbopa, mwenzake katika msafara huo, aliigizwa na Siriaque, Mtutsi.

Kwa macho na masikio, filamu hiyo inashinda. Hakuna okestra inayomwambia mtazamaji sasa aogope. Kuna ngoma, nyimbo za wenyeji na sauti za porini. Moto unawaka nyikani, wanyama wanatimka kwa maelfu, na vumbi linajaza kioo chote. Robert Surtees, aliyesimamia upigaji picha, alipata tuzo ya Oscar, na aliistahili.

Lakini imempoteza Allan Quatermain, msimulizi wa hadithi. Kitabuni yeye ni mwindaji mfupi wa miaka 55, anayekiri waziwazi kwamba ni mwoga, na uoga huo ndio unaotufanya tumwamini anaposimulia kiu ya jangwani. Granger, anayemwigiza, ni pande la mtu, sura ya kupendeza, na ametafutiwa mchumba: Elizabeth Curtis, mwanamke asiyekuwemo kitabuni. Haggard aliupeleka msafara kumtafuta ndugu aliyepotea wa Sir Henry Curtis. Hollywood ikamgeuza aliyepotea kuwa mume, ili mapenzi yapate nafasi.

Hasara nyingine ni Kapteni Good, mmoja wa wasafiri hao. Kitabuni Wakukuana, watu wa Mfalme Twala, wanamkuta kando ya kijito, shati mwilini, suruali hana, lenzi imebanwa jichoni, na ndevu zimenyolewa upande mmoja tu. Anatoa meno yake ya bandia, anaonyesha ufizi mtupu, kisha anayarudisha. Mashujaa wenye mikuki wanatetemeka. Na kwa kuwa wageni wamedai wametoka kwenye nyota, maskini Good hawezi tena kuvaa suruali wala kumaliza kunyoa, maana miujiza ni lazima ibaki kama ilivyoonekana. Kwenye filamu, Good ni kaka wa Elizabeth tu, na kituko hicho hakipo.

Hata hivyo, kuna mahali filamu imekirekebisha kitabu. Umbopa ndiye mrithi halali wa kiti kilichonyakuliwa na Twala. Lakini kwa Haggard, anayepigana na Twala ana kwa ana na kumkata kichwa ni Sir Henry Curtis, Mwingereza. Mwenye kiti anapiganiwa. Si ajabu: kitabu kilitoka mwaka ule ule ambao mataifa ya Ulaya yalimaliza kikao cha Berlin kuhusu Afrika. Katika filamu, pamoja na dharau zake nyingine za kikoloni, Umbopa anaingia uwanjani mwenyewe na kukitwaa kiti chake kwa mkono wake.

Mtoto aliyetazama filamu peke yake hatajua kwamba kuna kitu kilichorekebishwa. Aliyesoma kitabu peke yake anaweza kudhani haikuwezekana vinginevyo. Aliyepitia vyote viwili ana hoja ya kubishania, na ubishi huo ndio utamu wenyewe, kwa sababu sasa anaihukumu hadithi badala ya kuimeza.

Kwa hiyo likizo hii, someni sura moja kila jioni, kwa sauti, wakubwa na wadogo wakipokezana. Mkimaliza, tafuteni filamu. Atakayesema sinema imeharibu, aulizwe imeharibu nini hasa. Atakayesema imefanya vizuri, atetee. Na atakayelalamika kuwa kitabu kinachosha, aulizwe kwanza kama amefika kwenye meno ya Kapteni Good.