Opereta yako imegoma? Angalia skima kwanza

Wiki ya kukabidhi projekti, seva ya chuo ilinikatalia kuunda opereta. Kwenye kompyuta yangu geto ilikubali fresh tu! Nilitaka alama ya === ilinganishe majina ya wanafunzi bila kujali herufi kubwa wala nafasi, maana orodha za matokeo kila mtu anaandika anavyojua.

Tofauti ni kwamba geto mimi ndiye msimamizi mkuu wa PostgreSQL, ila kwenye seva ni mtumiaji wa kawaida. Na opereta haina ruhusa yake yenyewe, inaazima. Unahitaji CREATE kwenye skima unapoiweka, EXECUTE kwenye fanksheni inayofanya kazi nyuma yake, na USAGE kwenye aina za data zinazoingia na inayotoka. Hizo mbili za mwisho kwa kawaida kila mtu anazo. Kinachokwamisha ni skima: tangu toleo la 15, mwaka 2022, hifadhidata mpya haziwapi watumiaji wote CREATE kwenye skima ya public.

Nilidhani ni roho mbaya, kumbe hapana. Mtu akiweka = yake pale, msimamizi akiuliza swali lake la kila siku, fanksheni ya yule mtu inaweza kuendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi. Hapo seva imekwenda.

Kwa hiyo usiombe usimamizi mkuu, utanyimwa tu. Omba skima yako, kisha iongeze kwenye search_path. Wenzako wakitaka kuitumia opereta, wape USAGE ya skima hiyo. Mimi yangu nilipewa siku moja kabla ya kukabidhi.